Mtawa wa Kitabu cha Saba

"Umejuaje kwamba mtawa ndiye atakayetia sumu kisimani?"

Fundi wa saa aliganda, kibanio mkononi. Upande wa pili wa meza ya kazi alisimama mchumba wake, muuguzi, akiwa amefungua kitabu cha nne katika mfululizo wa riwaya kumi za upelelezi wa zama za kati. Waliahidiana kuzisoma pamoja, kwa mpangilio, bila mmoja kumtangulia mwenzake.

"Nimekisia tu."

"Umekisia mpaka kisima? Sema kweli. Umefika kitabu cha ngapi?"

"Cha saba."

"Cha saba! Na nani?"

Fundi aliweka kibanio mezani.

"Siwezi kusema. Nimeapishwa."

"Na mimi hukuniahidi? Mwanamke gani huyo?"

"Si mwanamke."

"Baba alisema hamwozeshi binti yake kwa fundi wa saa mbovu. Nimegombana naye miezi sita kwa ajili yako, kumbe unanizunguka! Ama useme, ama uchumba uishie hapa hapa."

Fundi aliinamisha kichwa. "Inaniuma. Lakini sisemi."

Muuguzi alikuwa ameanza kuvua pete wakati simu ya fundi ilipolia mezani. Kwenye kioo paliandikwa: Mwalimu. Akainyakua kabla mwenyewe hajanyoosha mkono.

"Kijana, leo usichelewe," sauti nzito ilisema. "Jana umeniacha pabaya, mtawa ndiyo kwanza amekamatwa. Na ole wako binti yangu ajue."

Muuguzi aliitambua sauti. "Baba?"

Baba yake, mwalimu mkuu mstaafu, alikohoa. "Huyo fundi amekwambia?"

"Hajatoa neno. Nilikuwa namrudishia pete."

Mzee akasema polepole:

"Nilimpelekea saa yangu, nikidhani imesimama. Akaitazama, akaniambia, 'Mzee, saa inatembea vizuri. Tatizo ni macho yako.' Wewe muuguzi hukuligundua hilo. Nikamwapisha asiseme kwa mtu. Tangu siku ile hunisomea hizo riwaya kila jioni, kwa mpangilio, wala haruki ukurasa."

"Mbona hukuniambia, baba?"

"Ungenikokota hospitali."

"Jumatatu nakukokota. Na huyu fundi wa saa mbovu?"

"Usinirudishie maneno yangu, binti. Nilimkataa kabla sijamjua. Mtu aliyekuwa radhi kukukosa kuliko kunivunjia kiapo, nitamnyima mke kwa hoja gani? Mwambie baba yake aje tuzungumze."

Simu ilikatika. Muuguzi akairudisha pete mpaka shina la kidole.

"Kwa hiyo ungeniacha niende?"

"Ningekufuata mpaka kwenu, nimpigie mzee magoti anifungue kinywa."

"Bwege wewe!" alisema, akifuta machozi kwa mkono wa sare yake. "Umeniharibia vitabu vitatu."

"Nitavisoma upya, nawe."

"Utavisoma. Na kila mtawa anapotajwa, uso wako uwe kama ukuta."

Walifunga ndoa baada ya mzee kuondolewa mtoto wa jicho katika jicho la pili. Siku hiyo karani wa ndoa alimwonyesha mzee kwa kidole pa kutia sahihi ya shahidi. Mzee aliusogeza mkono wa karani pembeni.

"Napaona," alisema, akaandika jina lake lote, herufi kwa herufi, juu ya mstari.