Kanzu Isiyo na Shingo

Jumamosi hiyo, katika bustani ya mji wa Jinja, maharusi wanne walikuwa wakigombea kichaka kimoja cha maua. Wapiga picha walipiga kelele kama wauza samaki. "Bwana harusi, cheka! Simama kama mtu aliyeoa, usisimame kama mtu aliyekamatwa!" Magari yenye riboni yalijazana mpaka kwenye uzio, na penye uzio huo ndipo walipokaa mafundi wa nguo, wanawake kumi na mmoja na vyerehani vyao kumi na kimoja, wamejipanga kama meno.

Rania Nangobi alikuwa jino la tatu kutoka langoni. Alivaa gauni la rangi ya ndizi mbivu na ushungi mweupe, mguu unakanyaga, jicho liko kwenye mabega ya gomesi, gauni la heshima la Kiganda, ya mama mmoja aliyetaka yachongoke kuliko ya mke mwenzake. Mara futi ndefu ya manjano ikapita juu ya meza yake kama nyoka mwenye haraka, ikafagia bakuli la vifungo, vikamwagika vumbini.

Rania hakuuliza. Alichukua mkasi. Kacha!

"Nyabo! Mama wee!" sauti ikalia kutoka mbali. "Umekata mita hamsini!"

"Na wewe umemwaga vifungo thelathini. Okota kwanza, habari ya mita baadaye."

Kijana akaja amebeba kipande cha futi kilichobaki. Mrefu, shati jeupe lenye doa la wino mfukoni, viatu vimekula vumbi jekundu mpaka vimeshiba. Akatazama vifungo, akamtazama Rania, akapiga magoti akaanza kuokota.

Jirani yake Rania, Maximilla, Mkenya wa Bungoma aliyeolewa Jinja na kukataa kurudi, akasimamisha cherehani. "Rania, huyu ametoka wapi? Anapiga magoti kabla hajaulizwa hata dini!"

"Mimi ni Swaib Masaba," kijana akajibu kutoka chini ya meza. "Mwislamu, mtu wa Mbale. Nachora ramani."

"Na mke?" Maximilla akauliza.

"Bado nachora."

Wanawake kumi wakacheka. Wa kumi na moja alijitia anatafuta uzi.

Swaib akaeleza. Bustani itapanuliwa. Itameza kile kiwanja kitupu cha nyuma, kutakuwa na uwanja wa watoto, ukumbi wa mikutano, vyoo vya maana na viti vya kukalia wazee. Ofisi yao, iliyo kule Mbale upande wa viwandani, ndiyo iliyopewa kazi ya kuchora.

"Na sisi?" Rania akauliza.

"Nyinyi mtakuwa ndani ya ramani."

"Ndani kama nyama ndani ya sufuria, ama ndani kama mfungwa ndani ya gereza?"

Swaib akacheka mpaka vifungo vikamtoka tena mkononi. Rania akamwonea huruma, akachukua futi akaiunga kwa uzi mwekundu, kipande juu ya kipande. "Sasa sikiliza, afande wa futi. Hapo nilipounga imepungua inchi moja. Kila utakachopima kitakuwa na uongo wa inchi moja. Utajua mwenyewe pa kuutoa."

Angejua Rania ni wapi uongo huo ungekuja kukaa, angeiacha futi ilale vipande viwili.

Kesho yake Swaib alirudi kupima tena palipokwisha kupimwa. Siku ya tatu shati lake lilikosa kifungo, na kila fundi pale aliona kuwa kilikatwa kwa wembe. Siku ya nne Rania alimpima mabega ili amshonee shati, na upimaji wa mabega, ambao kwa watu wengine humaliza dakika moja, uliwachukua mpaka adhana ya alasiri.

Rania ni Msoga, Swaib ni Mgisu, na Kiganda cha mwanamume kimejaa mawe. Basi wakapendana kwa Kiswahili. Jambo hilo lilimkera sana Senga Namwase, dada wa baba yake Rania, aliyekaa Budondo na shamba lake la viazi vitamu.

"Mwanaume anakutongoza kwa Kiswahili?" Senga aliuliza huku akimenya viazi. "Sisi lugha hiyo tuliisikia kwa wanajeshi, ikisema 'Lala chini!' na 'Fungua mlango!' Neno 'nakupenda' sijalisikia kwa Kiswahili bila bunduki nyuma yake."

"Huyu ana futi tu, Senga."

"Hata futi hufunga mtu."

Mwisho wa juma Swaib alikwenda kwao Wanale, mlimani juu ya Mbale, na simu ikawa haipoi.

"Malaika, umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Mama amepika malewa. Machipukizi ya mianzi, na karanga juu."

"Mianzi? Mnakula mti? Nikiolewa huko si nitapakuliwa kiti!"

"Wewe njoo tu. Kiti nitakula mimi, wewe utakula karanga."

Akacheka, akalala na simu shavuni. Mwezi wa tatu wa mapenzi yao Swaib alimletea kitambaa cheupe, laini kama maziwa ya asubuhi. "Nishonee kanzu," akasema, sauti imeshuka. "Ile nitakayovaa kwenda kwa Senga wako kukuposa. Shingo uitie nakshi nyekundu."

Rania alikipokea kitambaa kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea mtoto.

Kisha ukaja mkutano wa bustani. Mafundi hawakutaka kwenda. Walikwisha kuhamishwa mara mbili, mara ya kwanza kutoka sokoni, mara ya pili kutoka barabara kuu, na kila mara ilianza kwa mkutano. Ni Rania aliyepita cherehani kwa cherehani. "Huyu si mtu baki. Huyu ni wangu. Twendeni mkaandike majina, waone kwamba tupo."

Wakaenda kwa ajili yake. Swaib akapitisha karatasi ambayo juu yake iliandikwa kwa mkono wake: *Waliohudhuria mkutano na kupewa soda.* Rania aliandika wa kwanza, wenzake wakafuata, na Mama Nasiba, aliye mkubwa kuliko wote, akaweka dole gumba. Upepo wa mtoni ulipotaka kuichukua karatasi, Rania aliikandamiza kwa chupa yake ya soda ya machungwa. Alipoinua chupa, duara la rangi ya chungwa lilikuwa limelizunguka jina lake.

"Tazama," Swaib akanong'ona. "Nimekuvisha pete."

"Pete ya soda, Swaib?"

"Nyingine iko njiani."

Wiki tano baadaye ramani mpya ilibandikwa kwenye ubao langoni. Watu walikuwa na wiki tatu za kuitazama na kutoa maoni, kisha baraza lingekaa. Ilikuwa ramani nzuri ajabu, uwanja wa watoto wa kijani, ukumbi wa buluu, viti vya wazee vimechorwa mpaka na wazee wenyewe. Maximilla, mwenye miwani, ndiye aliyetafuta mstari wa mafundi. Akautafuta kwa kidole kuanzia lango mpaka mwisho wa uzio. Penye vyerehani pameandikwa: *Maegesho ya magari ya maharusi.*

"Labda wametusogeza," Rania akasema.

Maximilla akafunua karatasi ya mwisho. Juu, herufi za kuchapwa: *Mafundi waliokubali kuhama kwa hiari yao.* Chini, majina kumi kwa miandiko yao wenyewe, na dole gumba la Mama Nasiba. Ilikuwa nakala ya mashine, nyeusi tupu. Na la kwanza kabisa, ndani ya duara jeusi kama jicho la mtu asiyelala, lilikuwa jina la Rania Nangobi.

Ng'ambo ya bustani bwana harusi mmoja alikuwa anaambiwa acheke.

"Umetuuza," Mama Nasiba akasema.

"Mama, wallahi mimi..."

"Umetuuza kwa soda. Na hata haikuwa baridi."

Mchana ule Mama Nasiba aliburuta cherehani chake mpaka mwisho wa mstari, mbali na Rania. Wengine wakafuata mmoja mmoja. Maximilla alibaki, lakini aligeuza kiti, akashona akiwa amempa mgongo. Mstari wa meno sasa ulikuwa na pengo, na Rania yuko katikati ya pengo.

Akapiga simu.

"Malaika..."

"Malaika yuko mbinguni. Hapa ni Rania. Nani amebadilisha kichwa cha karatasi?"

Akasikia mashine za viwanda vya Mbale zikinguruma nyuma yake.

"Ni Injinia Hamuza, mkubwa wangu," Swaib akasema. "Alibandika kikaratasi juu ya maneno yangu, akatoa nakala. Si mimi, Rania."

"Ulijua lini?"

"Rania, sikiliza kwanza..."

"Ulijua lini?"

"Kabla haijabandikwa. Siku... siku kumi na mbili."

Rania alihesabu, maana fundi hawezi kusikia namba bila kuipima. Katika siku hizo kumi na mbili Swaib alimpigia simu kila jioni. Alimwita kipenzi. Aliuliza, kila jioni, kanzu yangu imefika wapi?

"Alisema atanipa ajira ya kudumu," Swaib aliendelea haraka. "Nilifikiri nikishapata kazi nitakuoa, halafu nitakueleza polepole, nitakutafutia mahali pazuri zaidi..."

"Mimi peke yangu?"

"Ni Hamuza, Rania..."

"Hamuza simjui," Rania akasema. "Hawezi kunisaliti mtu nisiyemjua. Wewe nilikupima mabega."

Akakata. Alilia juu ya gomesi ya mteja, hariri ya zambarau, ikabidi aipige pasi kabla doa halijakaa. Kisha akatoa kile kitambaa cheupe kwenye droo ya cherehani. Kanzu ilikuwa karibu kwisha. Akaimalizia vizuri, mikono, pindo, nakshi nyekundu kifuani, kazi ambayo ungeiweka dirishani watu wakaitazama. Akaifunga kwa karatasi, akaituma Mbale kwa basi.

Ijumaa saa sita mchana simu yake ikalia. Sauti ilitoka kama ya mtu aliye ndani ya gunia.

"Rania! Kichwa kinatokea wapi?"

"Nani huyo?"

"Swaib! Niko ndani ya kanzu! Nimepitisha mikono, kichwa hakipiti! Mama amekaa chini anacheka, hataki kunisaidia!"

"Kichwa? Kwani una kichwa? Ulipotakiwa kukitoa useme, ulikificha. Mimi nimeshona kwa kipimo chako."

Nyuma yake kicheko cha mwanamke mtu mzima kilisikika, mpaka kikageuka kikohozi. Kisha Swaib akasema pole pole, "Hapa shingoni umefunga mafundo. Uzi mwekundu. Nimeyahesabu kwa kidole." Akayahesabu tena. "Kumi na mawili."

"Basi kuhesabu unajua. Ile karatasi ya kwanza iko wapi?"

"Kwenye faili la ofisi."

"Baraza linakaa Jumanne," Rania akasema, akakata.

Jumanne mafundi kumi walikaa upande mmoja wa ukumbi, Rania upande wa pili peke yake, amevaa gauni lile la ndizi mbivu ili wasiseme amejificha. Injinia Hamuza alikuwa na suti ya kijivu na tabasamu la kuazima. Mwenyekiti wa kikao, mama mmoja mwenye sauti nzito, alifunua karatasi ya mwisho.

"Nyinyi mafundi mnalalamika nini, na majina yenu haya hapa? Nani Rania Nangobi?"

Rania akasimama. "Ni mimi, mheshimiwa. Hiyo tuliandikia soda."

Watu wakacheka. Hamuza akacheka kuliko wote. "Mheshimiwa, kila mtu akishakubali huja kusema aliandikia soda."

Mlango ukafunguliwa. Swaib aliingia na viatu vyake vya vumbi, mfuko wa nailoni kwapani, hakumtazama mtu. Akaweka karatasi mbele ya mwenyekiti.

"Hii ndiyo ya kwanza, mheshimiwa. Kwenye nakala duara ni jeusi. Hapa ni la chungwa, ukinusa utasikia sukari. Tafadhali soma kichwa chake."

Mwenyekiti akasoma kwa sauti. *Na kupewa soda.* Safari hii hakuna aliyecheka.

"Nani amebadilisha?"

"Mkubwa wangu alibandika, mimi nikaona nikanyamaza," Swaib akasema. "Siku kumi na mbili. Niandike na mimi."

"Huna kazi!" Hamuza akafoka. "Tangu sasa hivi!"

"Na wewe kaa chini, Injinia," mwenyekiti akasema, "zamu yako inakuja." Akaamua mstari wa mafundi usiguswe, ramani ichorwe upya na ofisi nyingine, na magari ya maharusi yatafutiwe pa kulala katika kile kiwanja cha nyuma.

Nje, Maximilla alimfuata Rania, akamshika kiwiko. "Kesho nitageuza kiti," akasema. "Leo bado shingo imekakamaa." Mama Nasiba alipita bila salamu. Alikuwa amekwisha kuhamishwa mara mbili, na Rania hakumlaumu.

Swaib alimngoja kwenye cherehani chake. Alitoa kanzu kwenye mfuko, imekunjwa kwa adabu.

"Fundi," akasema, "nimeleta nguo irekebishwe."

"Unakaa wapi sasa, mtu asiye na kazi?"

"Kwa mama. Ananipa malewa na matusi."

Rania hakucheka, ingawa mdomo ulitaka. "Umesema kweli ukumbini, nimesikia. Lakini siku kumi na mbili zile hazijarudi. Bado ziko hapa." Akagusa kifua chake.

"Najua."

"Ijumaa ukija kutoka Mbale, unakuja na kanzu, nakufungulia fundo moja. Ijumaa usipokuja, nalifunga tena. Yakiisha yote kumi na mawili, utaivaa uende Budondo. Huko Senga atakufungia mengine yake."

"Leo si Ijumaa," Swaib akasema.

"Leo nakukopesha."

Akachukua wembe, akakata fundo moja, akavuta uzi mwekundu ukatoka. Tundu likabaki, dogo, la kupita kidole gumba. Swaib, mtu mzima, mbele ya mafundi wote na bibi harusi mmoja aliyekuwa anapita, akajitupia kanzu kichwani, akaliweka tundu lile kwenye jicho lake moja.

"Unaona nini?" Rania akauliza.

"Nakuona wewe."

"Yote?"

"Kidogo tu."

"Inatosha," Rania akasema, akaanza kukanyaga cherehani. "Kaa na hicho mpaka Ijumaa."