Viti Vilivyompa Mgongo Mzee Shahidi

Mwongozo Uliorekebishwa Kuhusu Mwelekeo wa Viti vya Waalikwa. Huo ndio uliomfikisha Mama Viti makaburini jioni ile, jua likianza kuaga. Kamati Ndogo ilikuwa imekaa vikao, ikanywa chai, ikaamua kwamba viti vyote vitazame jukwaa. Awali ilielekezwa vitazame makaburi, mpaka mjumbe mmoja akakumbusha kuwa mgeni rasmi angepigwa na jua usoni. Marehemu hawakuulizwa.

Mama Viti alikodisha maturubai na viti vya plastiki, lakini kazi hii hakuichukulia kama harusi za watu. Chini ya ukuta wa ile iliyokuwa kambi ya wafungwa ndipo alipofukiwa baba yake pamoja na wenzake, bila hata kijiti cha kuonyesha hapa kalala nani. Kesho jiwe lenye majina yao lingefunuliwa. Haki ya kuvuta kitambaa alipewa yeye, mtoto wa marehemu. Naye akamwachia baba yake mdogo, aliyefungwa kambi hiyohiyo akatoka hai, akamlea, akamsuka nywele kwa vidole vya seremala hadi shule nzima ikacheka. Watu walimwita Mzee Shahidi.

"Mimi sina mzazi mwingine," aliiambia Kamati. "Avute yeye."

Gari lake lilikuwa limerudi kuchukua shehena ya pili. Alibaki peke yake, akikaza kamba ya turubai.

Krrr.

Mguu wa plastiki ukikwaruza kokoto.

Aligeuka. Kiti kimoja cha mbele kilikuwa kimeligeuzia jukwaa mgongo, kikitazama ukuta.

"Haya, na wewe," alikiambia, akikirudisha. "Soma mwongozo."

Akainamia kamba.

Krrr... krrr... krrr...

Safari hii mstari mzima. Upepo haukuwepo, turubai lilining'inia kama ulimi wa ng'ombe. Kisha harufu ikamfikia. Gunia. Gunia lililolowa maji, likavunda.

Langoni ikasikika fimbo. Tak. Halafu mguu ukiburuzwa. Tak... srrr. Tak... srrr. Moyo ukamtulia, mwendo huo aliujua tangu utotoni. Baba mdogo alizaliwa na mguu mmoja mfupi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umevipanga kinyumenyume? Kamati itakufungulia jalada."

"Vinageuka vyenyewe."

Mzee hakucheka. Alipiga hatua kuingia katikati ya mistari. Na kila alipopita, krrr, kiti kimoja baada ya kingine kilimgeuzia mgongo.

Hapo ndipo Mama Viti alipoikumbuka ile hadithi. Mzee Shahidi aliisimulia kila alipoombwa, na hata asipoombwa. Kambini, msaliti aliletwa kavikwa gunia kichwani. Kabla hajaingia, wafungwa waliamriwa waelekee ukutani, wasimwone. Akapita nyuma yao kimyakimya. Aliyeguswa begani alitolewa, na hakurudi. "Nilikuwa kwenye mstari ule," mzee alikuwa akimalizia, "nikausikia mkono ukinipita."

Sasa mkono wa mzee ulikuwa umeinuka wenyewe. Ulielea juu ya migongo ya viti. Ukasita. Ukashuka juu ya kimoja.

Kiti kikatoa mlio, kama mtu mzito ameinuka.

"Alinijua," mzee alinong'ona. "Hakugeuka... lakini alinijua. Kwa mguu huu."

"Nani, baba?"

Mzee akauvuta mguu wake mfupi nyuma ya fimbo.

"Baba, nani?"

"Askari waliniambia mmoja wetu, mimi au kaka, atarudi kwako. Mmoja tu."

"Ukajichagua wewe."

"Nilikulea..."

"Ukanilea, ndiyo. Na miaka yote ukanipaka mafuta kwa mgongo wa chupa."

Honi ikalia langoni. Mzee akaondoka bila kuaga. Tak... srrr.

Asubuhi viti vyote vilikutwa vikitazama ukuta. Wajumbe walivigeuza wenyewe, suti zikilowa jasho. Mama Viti alimfuata katibu wa Kamati.

"Kitambaa avute mwingine."

"Ratiba imeshachapishwa, mama."

"Huyo mzee hastahili."

"Mama, kwa rangi! Imechapishwa kwa rangi!"

Basi Mzee Shahidi akavuta. Jiwe likafunuka, watu wakapiga makofi. Mama Viti aliinuka katika mstari wa mbele, akageuza kiti chake, akakaa akitazama ukuta.

Kando yake, kiti kitupu alichokuwa amewekewa baba mdogo kikageuka chenyewe.

Krrr.

Makofi yakapungua, yakafa. Katika ule ukimya akasikia fimbo ikishuka jukwaani. Tak... srrr. Tak... srrr. Ikaja mpaka nyuma yake, ikasimama. Harufu ya gunia bichi ikamjaa puani.

Mkono ukamtua begani.

Hakugeuka.

Taarifa ya Kamati Ndogo ilieleza kuwa usumbufu uliojitokeza katika mwelekeo wa viti ulisababishwa na upepo, na ikapendekeza viti vizito zaidi. Siku zote mbili hakuna jani lililotikisika. Mzee Shahidi alimgusa kaka yake begani, kaka yake akatolewa mstarini, akauawa, akafukiwa pale.