Kila Mtu na Upepo Wake

Jumamosi ile bwawa la kuogelea lilifurika watu, na msusi alikuwa akiogelea macho kafumba, kofia ya njano imembana misuko, akipiga maji kama anafua blanketi. Kichwa chake kikamgonga mtu tumboni.

"Dada, breki huna?"

"Nimejifunza kwenda. Kusimama bado."

Mtu huyo alicheka huku ameshika tumbo. Alikuwa fundi wa lifti, mrefu wa mabega mapana, na kaptula yake ya bluu ilikuwa imepauka kwa dawa ya bwawa. Hata hawajakauka maji, alishajua kwamba msusi anajiandaa kwa mashindano ya michezo mitatu: kuogelea ziwani, kuendesha baiskeli kwa saa kadhaa, kisha kukimbia hadi kwenye geti linalofungwa jioni. Dada yake msusi alishamwambia kwamba kwa umri wake atarudishwa kwa machela. Basi geti lile alilitaka kuliko kitu chochote.

"Usingizi unapata?" fundi alimhoji.

"Wateja wakiisha."

"Na ukiwa juu ya baiskeli unakula nini?"

"Hewa."

"Utazimika kabla hujaanza kukimbia. Mimi nimemaliza mara mbili, nisikilize."

Alimsikiliza, na kumsikiliza kukazaa mengine. Alfajiri simu ililia: "Amka, Samaki wangu."

"Samaki gani anakunywa bwawa zima? Niache, laazizi."

Lakini aliamka. Fundi alimfundisha kupumua majini, naye akamfundisha fundi kuanza taratibu, maana mwanamume yule hakujua kuondoka bila kufyatuka. Saluni wateja walijua nani amepiga kwa jinsi kitana kilivyosimama hewani.

Siku ya mashindano upepo ulivuma usoni. Fundi, kwa mapenzi yake, akapunguza mwendo na kukaa mbele ya baiskeli ya msusi ili amkinge. Sheria inakataza kujificha nyuma ya mwenzako, na anayeadhibiwa ni wa nyuma. Msusi alipunga mkono kumwambia apotee. Fundi aligeuka, akadhani anashukuriwa, akatabasamu. Msusi alirudi nyuma, fundi akamngoja. Mwamuzi alikuja na pikipiki, akamwonya msusi. Mara ya pili akamtoa, fundi akiwa ameshapita kona.

Fundi aliambiwa baadaye getini, medali shingoni, mikono ameifungua tayari kumkumbatia; msusi alikuwa ameshakwenda nyumbani.

"Nilidhani sheria hiyo ni ya wanaogombea zawadi," alisema kwenye simu. "Sikutaka uchoke, mpenzi."

"Nilikwenda kuchoka. Hukuniuliza." Msusi akakata simu, na akalia mpaka dada yake akakosa cha kutania.

Miezi ikapita. Msusi alifanya mazoezi peke yake, akala, akalala, akafunga saluni mapema. Alimkumbuka fundi mno, hasa alfajiri, simu ikiwa kimya. Wiki ya mashindano mengine simu ikalia.

"Nami nimejiandikisha," fundi alisema. "Sitakusogelea. Nimepiga tu ujue."

"Nimejua," alijibu, na kutwa nzima akasuka huku anaimba.

Upepo ulikuwa uleule. Msusi alikuwa ameinama, mapaja yanawaka, aliposikia mlio wa baiskeli nyuma yake. Fundi alimpita kwa mbali, upande wa pili kabisa wa barabara, wala hakugeuza shingo. Moyo ulimruka msusi kwa furaha. Akaukabili upepo wake mwenyewe, kila kipande, na ulikuwa mtamu.

Kwenye kukimbia alimkuta fundi anatembea, mkono kiunoni, midomo imekauka.

"Umeikimbiza mno baiskeli wewe."

"Niliogopa nikipunguza nitakungoja."

Msusi alitaka kusimama. Fundi akatikisa kichwa. "Nenda. Geti."

"Kunywa maji kidogokidogo, mpenzi. Nitakuwa pale," alisema, akaenda.

Alipita getini mikono juu. Dada yake alipiga vigelegele hadi sauti ikakauka. Lakini msusi hakuondoka. Alisimama palepale na medali yake, blanketi mabegani, akitazama barabara huku walinzi wakishika milango. Hatimaye shati la bluu likatokea kwenye kona, likiyumba. Fundi alivuka mstari, akaanguka magoti miguuni pake.

"Ndiyo unapiga magoti hivyo?"

"Misuli imekaza, siwezi kuinuka." Alihema, akamtazama. "Lakini kwa kuwa nimeshafika huku chini, nioe... yaani, nikuoe. Utakubali?"

Msusi alicheka huku machozi yanamtoka. "Nakubali."

"Na nyumbani? Nitaruhusiwa kukukinga upepo?"

"Kwa zamu," alisema msusi. Akamvika blanketi, akaushika mkono wake, akamvuta. "Leo mbele nakaa mimi. Inuka."