Mchanga Ndani ya Gunia

Kilichomvuta Arafa macho kwanza ni mchanga. Kiganja kimoja tu, umemwagika sakafuni kutoka kwenye gunia la mwani walilolipasua polisi, Jumatatu saa moja na nusu asubuhi, ghalani Kilindoni. Wengine wote walizikodolea macho pakiti kumi na mbili za heroini. Gunia lilikuwa na alama nyekundu ya Sudi, kaka yake, aliyekuwa akiwabebea wanawake wa Miburani, Arafa akiwemo, mwani wao hadi ghalani kwa guta. Sudi akatiwa pingu. Arafa akainamisha kichwa, kama kawaida yake.

Jumatano akaja Inspekta Mwatima, aliyekuwa akiufuatilia mtandao wa dawa hizo tangu ng'ambo ya mpaka. Wavuvi wa dago, kambi ya ufukweni, alikwisha kuwahoji, akawaachia. Ghalani alivua viatu, akaketi mkekani pamoja na wanawake.

"Gunia hili ulilipokea wewe, Mzee Abdulswamadu?"

"Mimi mwenye ghala, afande. Jumamosi, saa kumi alasiri, kwa mkono wa Sudi. Mwani wa dada yake huyo, bubu wa Miburani." Akacheka.

Mwatima akamgeukia Arafa. "Mwanangu, mwani huu ni wako?"

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Sema tu."

"Si wangu. Una mchanga. Sie twaanika juu ya chanja, haugusi chini."

"Kisiwa kizima mchanga, we mtoto!" alifoka mzee.

Mwatima aliinuka. Alimimina magunia mengine kumi na tisa aliyoleta Sudi, moja moja, akipapasa chini ya kila rundo. Hakuna hata chembe. Arafa, aliyeachia shule darasa la nne, alikuwa hajapata kuona mtu mkubwa akilipima neno lake namna ile. Sauti ikamjia.

"Mzee, mwaka jana ulimrudishia mwenzetu Umi gunia zima kwa mchanga kidogo. Hili ulilipokeaje?"

Abdulswamadu akatupia jicho mlango wa ndani, na Mwatima akaufuata. Chumba cha ndani kikakutwa na magunia mawili yenye mchanga, na kopo la rangi nyekundu.

"Mwani ulikosa wanunuzi, wenye unga wakanijia," alisema hatimaye. Mzigo ulivushwa kwa boti, ukashushwa kijijini Bweni, umefichwa katika mwani ulioanikwa ufukweni huko ulikotoka. Alama aliipaka yeye, ili ukikamatwa azame Sudi.

"Nimesoma miaka kumi na sita," Mwatima alimwambia Arafa, "na mchanga ule niliuruka."

Sudi aliletwa ghalani, akafunguliwa pingu. "Umeniokoa, mdogo wangu."

Arafa akainua kichwa, akasema hadi wa mlangoni wakasikia:

"Niliuona tangu Jumatatu, kaka. Umelala rumande siku mbili kwa haya zangu."