Kofia ya Daktari Wiebke

"Kofia imetoka nje. Kamata kichwa."

Amri ilimfikia Ruprecht Thalmeier sikioni, kupitia kidude kidogo kama punje ya mahindi. Aliruka kutoka kwenye Audi, akaingia mbio katika uwanja wa Chuo cha Ufundi cha Hartental.

Kipande cha injini ya ndege ya kivita, kidogo kama kidole, kilikuwa kimeibwa maabarani. Chuo kile kilikuwa kikimimina chuma tangu enzi za babu wa babu zao. Kipande kikivuka mpaka, ujuzi wote huo umekwenda na maji.

Uwanjani, chini ya sanamu za maprofesa wenye ndevu, watu walikuwa wakishangilia na chupa za bia mkononi. Daktari mpya, Wiebke Osterloh, aliyetunukiwa shahada ya uzamivu siku hiyo, alikuwa akivutwa juu ya mkokoteni. Kichwani alivaa kofia kubwa ya makaratasi, imejaa vitu vya kumtania: mwanasesere aliyelala, birika la kahawa, ndege ya kuchezea yenye mabawa ya njano.

Bawa moja halikuwa plastiki.

Ruprecht alimshusha kwa nguvu. Kofia ikaanguka. Pingu zikalia.

"Wee! Umelewa?" alifoka baba yake Wiebke, mzee Enno, fundi bomba aliyevaa suti yake ya harusi.

"Kaa pembeni, mzee. Mimi ni usalama. Binti yako mwizi."

"Mwizi? Huyu akiokota kalamu anazunguka mtaa mzima kumtafuta mwenyewe!"

Simu ziliinuliwa, picha zikapigwa. Wiebke hakulia. Alitazama viatu vyake.

"Hii kofia uliitengeneza lini?" Ruprecht aliuliza.

Wiebke akainua uso. "Wewe hukusoma chuo, ee?"

"Nilisomea kuoka mikate. Jibu."

"Hakuna anayejitengenezea kofia hapa. Wenzako wa maabara ndio wanakutengenezea, kwa siri. Mimi nimeiona leo, nilipovishwa."

Ruprecht alimsogelea.

"Hiyo ndege nani kaibandika?"

"Falko, mwenzangu wa maabara."

Ruprecht alitazama chini. Kofia haikuwepo.

Kijana mrefu alikuwa akikimbia nayo kuelekea getini. Huko pikipiki ya BMW ilikuwa ikinguruma, dereva keshavaa helmeti.

"Mwewe kwa Kiota!" Ruprecht aliwaita wakubwa wake kupitia kidude cha sikioni. "Nimekosea kichwa!"

"Rudia?"

"Nimekosea kichwa! Fungeni barabara!"

Uwanja ule ulikuwa na mteremko kuelekea getini. Ruprecht aliupiga teke mkokoteni, ukashuka kwa kasi, ukapiga pikipiki ubavuni. Dereva akabiringika barabarani, mikononi mwa askari waliokuwa wameshafika kuifunga.

Ruprecht akamfikia Falko getini, bastola yake ya Walther tayari usoni mwake.

"Weka chini. Polepole."

Falko akaiweka kofia. "Wiebke asingejua kitu. Angefurahi tu na siku yake."

"Amejua. Mimi ndiye niliyemwaibisha."

Alilibandua bawa, akalitia mfukoni, akamkabidhi Falko kwa askari. Kisha akarudi kwa Wiebke na kumfungua pingu. Mikono ilikuwa na alama nyekundu.

"Nimekukosea, Daktari."

"Umenikosea mbele za watu," Wiebke alisema. "Sasa unaniomba radhi kwa kunong'ona?"

Ruprecht akageukia umati. "Huyu ni mtu safi! Mjinga ni mimi!"

Hakuna aliyecheka. Simu ya Wiebke iliita. Alisikiliza, kisha akamgeukia Ruprecht.

"Ni bibi. Picha zimeshamfikia. Analia."

"Nipe mimi niongee naye."

Alimpa. Ruprecht aliibana sikioni.

"Bibi, mimi ndiye yule mpumbavu wa kwenye picha. Mjukuu wako hana kosa."

Sauti ya kikongwe ilimwagika kama maji ya moto. Punda. Mbwa asiye na mama. Ruprecht alisimama wima kama mtoto mbele ya mwalimu.

"Mwewe," Kiota kiliita kwenye sikio la pili. "Kazi safi. Ondoka sasa hivi."

"Subirini."

"Kuna nini?"

"Natukanwa."

Alisikiliza mpaka bibi alipoishiwa pumzi na kukata. Akamrudishia Wiebke simu, akafunga vifungo vya koti, akatoka getini taratibu, wala hakugeuka nyuma.

Hakuwa na uso wa kugeukia.