Kila Alipobonyeza Enta

Haya yalimpata rafiki yangu Gentrix, kwao Musanda, na mpaka leo hataki kugusa kompyuta.

Kaka yake Bravin alikatwakatwa kwa panga ndani ya miwa, baada ya kutumiwa vitisho kwa simu na mtu asiyejulikana. Gentrix alisikia kuna programu inayolinganisha maandishi na kumtambua mwandishi. Akaazima laptopu, avilinganishe vitisho hivyo na jumbe za watu wa nyumbani.

Alasiri hiyo mvua kubwa ilinyesha, stima ikapotea, nyumba ikawa giza. Aliandika amri ya kuingiza programu, akabonyeza Enta. Ikakataa. Nje kwenye miwa, panga likalia: chwa!

"Wewe msichana," Shikanga, baba yake mdogo, alicheka barazani, "polisi wameshindwa, hicho kisanduku ndicho kitaweza?"

"Kitaweza, baba mdogo."

Akasahihisha amri, akabonyeza. Chwa! Safari hii karibu zaidi.

"Nani huyo anakata miwa kwa mvua?" Shikanga aliuliza. Hakucheka tena.

Gentrix aliliona kosa: jina la folda lilikuwa na nafasi katikati, kompyuta ikalisoma kama majina mawili. Akalifunga kwa alama za kunukuu, akabonyeza. Chwa! Mlangoni kabisa. Kitu kizito kikaanguka.

Skrini ikaandika: tayari, weka maandishi. Hakuwa ameweka hata neno moja.

Alipofungua mlango, Shikanga alikuwa chini, shingo imepasuliwa, damu ikienda na maji ya mvua. Ukutani liliegemea panga la Bravin, lile walilomzika nalo, mpini wote umejaa udongo mbichi.