Kiti cha Shangazi Si Mkokoteni

Kila asubuhi Shangazi alipofumbua macho, jambo la kwanza alilofanya ni kunyoosha mkono kando ya kitanda. Alikuwa anakitafuta kiti chake cha magurudumu. Jumamosi hiyo mkono wake haukugusa kitu.

"Mh! Kimeshaondoka," alisema.

Mtaa mzima ulimwita Shangazi, hata watu waliomzidi umri. Alikuwa fundi cherehani. Miguu yake haikutembea tangu utotoni, kwa hiyo kiti kile ndicho kilichomfikisha kwenye cherehani, chooni, sokoni na kwa majirani kupiga soga. Aliishi na kaka yake, wifi yake na binti yao mdogo. Binti huyo walimwita Kipaza, kwa sababu hakujua kunong'ona.

"Kaka!" Shangazi aliita. "Kiti changu kiko wapi?"

"Dakika moja tu, dada!" kaka alijibu kutoka bombani.

Dakika moja! Kaka alikuwa dereva wa lori, mcheshi, mtu wa watu. Lakini dakika yake moja ilitosha mtu kupika na kula. Alikuwa amepakia madumu ya maji juu ya kiti. Jana yake kiti hichohicho kilibeba mtungi wa gesi. Juzi wifi alikisukuma kikiwa na mabeseni ya nguo mbichi. Hakuna aliyeomba. Nyumba nzima ilikifanya mkokoteni wa bure.

Shangazi alikaa kitandani, amebanwa na haja, akisubiri. Je, hakukasirika? Alikasirika sana! Lakini aliuma meno akanyamaza. Hakutaka kuonekana mkorofi mbele ya ndugu zake.

Kiti kiliporudi kilikuwa kimelowa. Kaka alikipangusa kwa fulana yake.

"Usinune," alisema. "Leo si ndiyo siku yako? Leo unapanda lile gurudumu."

Hapo Shangazi alitabasamu, apende asipende. Ng'ambo ya mji kulikuwa na bustani ya michezo. Ndani yake lilisimama gurudumu kubwa la chuma, refu kuliko nyumba zote, lenye vibanda vya kukalia watu. Lilizunguka polepole, likawapandisha watu juu na kuwarudisha chini. Shangazi alilitazama dirishani kila siku akishona. Maisha yake yote ngazi zilimkatalia, lakini gurudumu hili halikuwa na ngazi. Alitaka kuuona mji wake kutoka juu, walau mara moja. Kipaza alikwisha kuwatangazia majirani wote habari hiyo.

Walipofika getini, kiti kilikuwa kimesheheni. Wifi alikuwa ametundika nyuma mikoba miwili, chupa za maji na viatu vya Kipaza. Mama mmoja mwenye filimbi shingoni aliwasimamisha. Alikuwa msimamizi wa usalama, na wafanyakazi wenzake walimwita Mama Filimbi.

"Karibu, dada," alimwambia Shangazi mwenyewe.

Shangazi alilipenda hilo. Watu wengi humsalimia anayesukuma, kana kwamba aliyekaa ni furushi.

"Hiyo mikoba ya nyuma iondoeni," Mama Filimbi aliendelea. "Inakifanya kiti kiwe kizito nyuma. Mkipanda mwinuko kidogo tu, kinaanguka kinyumenyume, na dada anagonga kisogo."

"Tumezoea, mama," wifi alisema akicheka. "Kiti hiki ni kigumu kama kichwa cha kaka mtu!"

Wote walicheka. Mama Filimbi aliitwa upande mwingine, akaondoka haraka. Mikoba ikabaki palepale.

Kwenye gurudumu walimkuta mhudumu mwenye fulana ya njano. Alimtazama Shangazi, kisha akamgeukia kaka.

"Huyu anaweza kupanda?"

"Huyu ana mdomo," Shangazi alijibu. "Muulize huyu."

Alikisogeza kiti mpaka mlangoni mwa kibanda. Akafunga breki. Akajishika kwa mikono yake yenye nguvu, akajihamisha mwenyewe, akakaa vizuri. Lakini uzito wake ulipotoka tu, mikoba ilikivuta kiti nyuma. Pwaa! Kikaanguka chali, magurudumu juu. Wifi alicheka mpaka machozi.

"Kinaziba njia hiki," mhudumu alinung'unika, akikiinua. "Nakitoa."

"Kiache hapo karibu, tafadhali."

"Dakika moja tu, dada."

Shangazi aliyasikia maneno hayo, na moyo wake haukutulia. Lakini Kipaza alikwishakaa ubavuni pake, kaka na wifi wakaingia kibanda cha nyuma, na gurudumu likaanza kuzunguka.

Loo! Mabati ya nyumba yalishuka chini. Watu wakawa wadogo. Shangazi aliliona dirisha lake mwenyewe, na kipande cha kitambaa chekundu alichokiacha kikining'inia. Alipiga makofi kama mtoto.

"Shangazi!" Kipaza alipiga kelele ghafla. "Kiti chako kimebeba soda!"

Bustani nzima ilisikia. Shangazi alitazama chini. Ni kweli. Mhudumu alikuwa anakisukuma kiti chake kwenye kokoto, kreti za soda zimepandiana mpaka kidevuni, akielekea kibanda cha vinywaji. Mikoba yao aliitupa chini.

"We bwana!" Shangazi aliita kwa nguvu. "Rudisha!"

Hakuna aliyemjali. Na papo hapo umeme ukakatika.

Gurudumu lilisimama. Fundi alianza kulizungusha kwa mkono, kibanda kimoja baada ya kingine. Walipokuwa karibu kufika chini, moshi mweusi ulianza kutoka kwenye jenereta waliyokuwa wakijaribu kuiwasha nyuma ya uzio.

"Shukeni! Shukeni haraka! Wote getini!" wahudumu walipaza sauti.

Watu waliruka, wakakimbia. Kibanda cha Shangazi kilifika chini. Mlango ukafunguliwa. Kiti hakipo.

"Shuka, mama!" mhudumu mwingine alimwambia.

"Nishuke na miguu gani? Kiti changu kiko wapi?"

Yule mtu hakuuliza zaidi. Alimkamata kwapani kwa nguvu, akamvuta. Shangazi nusura atumbukie katika upenyo kati ya kibanda na jukwaa.

"Niache! Hivyo utaniangusha!"

Kaka aliposhushwa, alikuja mbio, akainama, akambeba dada yake mgongoni. Walipita katikati ya umati. Gauni lilipanda juu ya magoti. Kiatu kimoja kilidondoka. Kijana mmoja aliinua simu akapiga picha, bila haya wala aibu. Shangazi, mtu mzima, fundi anayeheshimika, alificha uso shingoni mwa kaka yake, akalia kwa hasira.

Jenereta ilizimwa upesi, moshi ukaisha. Hakuna aliyeumia. Lakini kama ungekuwa moto mkubwa? Na kama kaka asingekuwepo?

Kiti kililetwa getini. Gurudumu dogo la mbele lilikuwa limepinda, halizunguki tena. Kaka alipoliona, alipandwa na hasira mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

"Hii ni miguu ya dada yangu!" alimfokea mhudumu. "Nani alikuruhusu kuipakia kreti?"

"Ilikuwa dakika moja tu, bosi. Kilikuwa hakina mtu."

Meneja wa bustani alifika, tai imemkaa upande.

"Ndiyo maana mimi sivitaki viti hivi," alisema. "Vinaleta matatizo tu. Kuanzia leo havitaingia. Ni kwa usalama wao wenyewe."

Ala! Sikia maneno ya mtu mwenye akili timamu! Shangazi alifuta machozi.

"Usalama wa nani?" aliuliza. "Kiti changu ndicho kilichotoa moshi? Kiti changu ndicho kilichokata umeme? Mtu wako ameninyang'anya miguu nikiwa juu, mwingine nusura anitumbukize shimoni, halafu unanifungia geti mimi? Huna hata aibu!"

Watu walianza kusogea. Meneja alinyoosha tai yake.

"Dada anasema kweli," Mama Filimbi alisema. "Bosi, kosa si kiti. Kosa ni letu. Kiti cha mgeni kinakaa palepale anaposhukia, kimefungwa breki, na hakuna wa kukigusa bila ruhusa yake. Na kabla hajapanda, tunamuuliza: likitokea la kutokea, tukushushe vipi? Yeye ndiye anayejua mwili wake. Ukimkurupukia na kumvuta kwapani unaweza kumvunja bega. Mimi mwenyewe nilimwona akielekea kwenye gurudumu, na sikuja kumuuliza. Nisamehe, dada."

"Umesikia?" kaka alimwambia mhudumu kwa ukali. "Kiti cha mtu hakiguswi! Huna adabu!"

"Kaka," Shangazi aliita.

"Ngoja, dada, nimkomeshe huyu."

"Kaka! Leo asubuhi madumu yalibebwa na nini?"

Kaka aliushusha mkono aliokuwa akimnyooshea mhudumu. Wifi aliinamisha kichwa, akaanza kutafuta kitu ambacho hakikupotea.

"Huyu bwana nimemjua leo," Shangazi alisema. "Ameniweka dakika moja. Wewe umeniweka miaka. Kila asubuhi niko kitandani nimebanwa na haja, na miguu yangu iko bombani na wewe. Na hiyo mikoba iliyokiangusha kiti, aliitundika nani?"

"Lakini dada, mbona hukuwahi kusema?"

"Nimesema kila siku! 'Kaka, kiti changu kiko wapi?' Ulidhani naimba?"

"Pole, Shangazi," Kipaza alinong'ona, kwa mara ya kwanza maishani mwake.

Meneja aliona watu wote wako upande wa Shangazi. Alikubali kiti kitengenezwe kwa gharama ya bustani, na neno lake la kukataza viti akalimeza mbele ya watu.

Matengenezo yalichukua wiki nzima. Wiki hiyo kaka alimbeba dada yake mgongoni kutoka kitandani mpaka chooni, na kutoka chooni mpaka kwenye cherehani. Siku moja alichelewa gereji. Aliporudi alimkuta Shangazi mahali palepale alipomwacha, kitambaa kiko sakafuni, hawezi kukiokota. Kaka alikiokota. Akasimama nacho mkononi.

"Kumbe ndivyo unavyokaa kunisubiri," alisema.

"Ndivyo."

"Nisamehe, dada."

"Nimekusamehe. Lakini maji tafuta pa kubebea."

Kesho yake kaka alinunua toroli kuukuu. Lilipiga kelele mtaa mzima, majirani wakamtania, naye hakujali. Kiti kiliporudi, Mama Filimbi alikileta mwenyewe, akakaa na familia nzima sebuleni.

"Mkitaka kumsukuma, mwambieni kwanza," alisema. "Hata gari hupiga honi kabla ya kuondoka. Mzigo mdogo aupakate mwenyewe akipenda, mzito bebeni ninyi. Na kwenye mteremko mkali?"

"Tunamsukuma mbele, tunakaza mikono," wifi alijibu.

"Hapana. Atateleza aanguke mbele kifudifudi. Mgeuzeni, mshuke kinyumenyume, anayesukuma akiwa upande wa chini. Polepole."

Wifi alijaribu kwenye mteremko wa mlangoni. Mara ya kwanza aligonga mlango, Shangazi akapiga yowe la utani. Mara ya pili walishuka salama.

Tangu siku hiyo, Shangazi akifumbua macho na kunyoosha mkono, hugusa mpira wa gurudumu. Nje husikia toroli la kaka likilia kuelekea bombani, na kaka akihema.

Baada ya muda walirudi bustanini. Safari hii wifi alibeba mikoba begani, akilalamika njia nzima. Kwenye gurudumu, pembeni ya jukwaa, palikuwa pamechorwa mraba wa njano mahali pa kuweka kiti. Mhudumu yuleyule alikuwa hapo.

"Dada, umeme ukikatika tukushushe vipi?" alimuuliza Shangazi, akimtazama usoni.

"Watu wawili. Mmoja anishike mgongoni, mmoja chini ya magoti. Na mnihesabie kabla ya kuninyanyua."

"Sawa. Na kiti, naweza kukisogeza kwenye mraba?"

"Kisogeze. Kisha ondoa mkono."

Mhudumu alikisogeza, akafunga breki, akaondoa mkono.

Walipofika juu kabisa, Kipaza alichungulia chini. Mtu mmoja alikuwa anapita na kreti za soda kwenye toroli. Alifika kwenye mraba wa njano, akauzunguka, akaenda zake.

"Kipo, Shangazi!" Kipaza alipiga kelele. "Kipo palepale!"

Shangazi hakuinama kuhakikisha. Alikuwa anautazama mji wake.